Ruzuku kwa Ushirikiano wa Kijamii Unaovuka Sekta: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yamekusanywa kwa ajili ya vikundi vya kijamii, jumuiya za misitu, vikundi vya wavuvi, halmashauri na serikali za kaunti, watafiti na wafanyabiashara wa pwani ya Kenya na Tanzania wanaofanya kazi kwa pamoja, au wanaokusudia kufanya hivyo, na wanaotafuta ruzuku ya taasisi za ufadhili. Kila mfadhili ana masharti yake, na tangazo lake ndilo linalotawala. Hata hivyo, maswali ya waombaji ni yale yale mwaka hadi mwaka, na mengi yanazaliwa na jambo moja: kuomba fedha za hatua ambayo ushirikiano wenyewe haujaifikia.

Ruzuku ya ushirikiano inatofautianaje na ruzuku ya mradi wa kawaida?

Ruzuku ya mradi hulipia shughuli ambazo shirika moja limezipanga na litazisimamia: kisima, mafunzo, kitalu. Ruzuku ya ushirikiano hulipia pia kazi ya kuwakutanisha watu ambao hawana bosi mmoja, wakakubaliana tatizo ni lipi, wakagawana majukumu na kuendelea kuwajibishana baada ya hamu ya siku za mwanzo kupungua. Kazi hiyo haipigwi picha kwa urahisi, na ndiyo maana wengi huiacha nje ya bajeti kana kwamba itajifanya yenyewe.

Mashirika matatu yasiyo ya kiserikali yakiungana, je, huo ni ushirikiano unaovuka sekta?

Kwa kawaida hapana. Huo ni muungano wa mashirika ya aina moja, nao unaweza kuwa na manufaa yake. Ushirikiano unaovuka sekta huwaleta pamoja wadau ambao mamlaka yao, fedha zao na maslahi yao hayafanani: wananchi walioathirika na jambo, serikali yenye sheria mkononi, wataalamu wenye takwimu, na wafanyabiashara wanaonunua au kuuza.

Mfano unaofahamika vizuri katika pwani yetu ni Mikoko Pamoja, katika Ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale. Wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanahifadhi na kupanda mikoko katika eneo la takriban hekta 117. Kwa kuwa misitu ya mikoko nchini Kenya ni ya umma, jumuiya ya misitu iliingia makubaliano ya usimamizi na Huduma ya Misitu ya Kenya. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, pamoja na watafiti kutoka Uskoti, walitoa vipimo vya hewa ya ukaa. Hati za kaboni, yaani vyeti vya hewa ya ukaa iliyohifadhiwa na mikoko vinavyoweza kuuzwa, zinathibitishwa chini ya kiwango cha kimataifa cha Plan Vivo, na shirika la hisani lililosajiliwa Uskoti, ACES, linasimamia mauzo yake nje. Ukimwondoa mmoja wa wadau hao, mpango wote unakwama. Hicho ndicho kipimo kizuri cha kujiuliza: mshirika huyu akiondoka, kuna kitu ambacho hakitaweza kufanyika? Ikiwa hakipo, jina lake limewekwa kwenye andiko la maombi kwa ajili ya kupendeza tu.

Tutajuaje tuko katika hatua gani?

Wafadhili wengi hutofautisha hatua tatu au nne, ingawa majina yanatofautiana. Hatua ya kwanza ni ya kukutana na kuelewana. Washirika wanajuana kwa sura, pengine wamewahi kulaumiana, lakini hawajakaa wakakubaliana juu ya tatizo lenyewe. Wavuvi wanasema samaki wamepungua kwa sababu ya nyavu za wageni, afisa uvuvi anasema ni kwa sababu ya nyavu zenye macho madogo za wenyeji, na mwenye hoteli anasema kinachomhusu ni taka ufukweni. Ruzuku ya hatua hii huwa ndogo na ya muda mfupi, na matokeo yake halali yanaweza kuwa uamuzi wa kutoendelea.

Hatua ya pili ni ya kupanga. Tatizo limekubaliwa, na sasa inatafutwa njia: nani atafanya nini, sheria inaruhusu nini, hali ikoje leo ili mabadiliko yapimwe baadaye. Hapa ndipo huandikwa hati ya makubaliano na kufanyika utafiti wa awali. Hatua ya tatu ni utekelezaji, na ya nne ni ya kupanua kazi au kuiweka katika mfumo wa kudumu, kwa mfano kuingizwa katika bajeti ya halmashauri au kupata chanzo cha mapato.

Kujua mlipo, angalieni nyaraka mlizonazo, kwa sababu matumaini hayana tarehe wala sahihi. Mkiwa na mihtasari ya vikao iliyosainiwa na pande zote, takwimu za mwanzo, na hati ya makubaliano inayosema hata namna ya kusuluhisha ugomvi, mko tayari kwa utekelezaji. Mkiwa na barua za kuungwa mkono zilizoandikwa wiki moja kabla ya mwisho wa maombi, zote kwa maneno yanayofanana, mko hatua ya kwanza, na hakuna aibu kuomba fedha za hatua ya kwanza.

Ikumbukwe pia kwamba hatua hizi hazifuatani kwa unyoofu. Uchaguzi unaweza kubadilisha diwani na mtendaji, mnunuzi mkubwa akafunga biashara, nanyi mkalazimika kurudi kwenye kuelewana upya. Huko Gazi, mikoko ilikuwa imekatwa sana katika miaka ya 1970, majaribio ya kupanda upya yakaanza miaka ya 1990, na mauzo ya kaboni yakaja mwaka 2013. Anayesoma habari ya mauzo peke yake huona mradi wa miaka michache. Ukweli ni kwamba ulitanguliwa na miaka mingi ya utafiti na ya kuzoeana kati ya watafiti na wanakijiji.

Tunaweza kuomba ruzuku ya utekelezaji bila kupitia zile za mwanzo?

Ndiyo, ikiwa mmekwisha kuifanya kazi ya hatua hizo kwa fedha nyingine au kwa kujitolea, na mnaweza kuionyesha.

Kikundi chetu hakijasajiliwa kama shirika. Nani awe mwombaji?

Si lazima kila mshirika awe na usajili wa shirika, lakini lazima awepo mmoja anayeweza kupokea fedha kisheria na kukaguliwa. Nchini Kenya, vikundi vya kijamii husajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022, inayotaka wanachama wasiopungua kumi, na mashirika makubwa zaidi yako chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013, ambayo ilianza kutumika Mei 2024. Tanzania Bara, mashirika yasiyo ya kiserikali husajiliwa chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, na kanuni zilizotolewa mwaka 2018 ziliweka wajibu wa kutoa taarifa kuhusu fedha zinazozidi shilingi milioni 20; muulizeni Msajili au afisa maendeleo ya jamii kuhusu utaratibu wa sasa kabla ya kusaini mkataba. Zanzibar ina sheria zake na msajili wake.

Kikundi kidogo kinaweza kushikiwa fedha na shirika mwenyeji. Njia hii ni nzuri kwa masharti mawili. Kwanza, asilimia ambayo mwenyeji atakata kwa ajili ya gharama zake iandikwe wazi. Pili, iandikwe ni ndani ya siku ngapi baada ya kupokea fedha kutoka kwa mfadhili atalazimika kuzifikisha kwa kikundi. Ushirikiano mwingi mzuri umevunjika kwa sababu kikundi cha kijijini kilisubiri miezi huku mwenyeji akisema fedha ziko njiani, na hakukuwa na kifungu cha kumbana.

Serikali inaweza kuwa mshirika? Fedha zinaweza kupitia halmashauri?

Inaweza, na mara nyingi bila yake hakuna kitakachodumu. Taasisi nyingi za ufadhili hazipeleki fedha moja kwa moja kwenye akaunti ya serikali, ila zinakubali mtumishi wa serikali awe mjumbe wa kamati na idara yake iwe na majukumu yaliyoandikwa. Barua ya mkuu wa idara ina uzito kuliko ahadi ya mdomo ya afisa mmoja mwenye moyo, kwa sababu afisa huyo anaweza kuhamishwa.

Jambo la kufanya mapema ni kuoanisha kazi yenu na mpango uliopo. Nchini Kenya kila moja ya kaunti 47 ina Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa miaka mitano, na wa sasa unakwenda hadi 2027. Tanzania kuna mpango na bajeti ya halmashauri inayoanzia ngazi ya kijiji na mtaa. Shughuli isiyomo humo itategemea hisani ya afisa. Iliyomo inaweza kudaiwa.

Je, tunaruhusiwa kumlipa mratibu?

Mnaruhusiwa, na ningewasihi mfanye hivyo. Mwaka 2011 John Kania na Mark Kramer, katika jarida la Stanford Social Innovation Review, walieleza masharti matano ya ushirikiano unaoleta matokeo ya pamoja: ajenda moja, vipimo vya pamoja, shughuli zinazotiliana nguvu, mawasiliano ya kila mara, na chombo kinachosimamia uratibu kikiwa na watumishi wake. Mfano wao mkuu ulikuwa mpango wa Strive ulioanza mwaka 2006 katika eneo la Cincinnati, Marekani, ukilenga maendeleo ya wanafunzi. Mfumo huo umekosolewa, na kwa haki, kwamba uliwapa nafasi kubwa viongozi wa taasisi na ndogo wananchi wenyewe. Lakini kuhusu sharti la tano sijaona hoja ya kulipinga.

Tazameni kazi ya mratibu ilivyo. Kabla ya kikao kimoja anapaswa kumpigia simu mtendaji, kumfuata mwenyekiti wa wavuvi bandarini alfajiri, kumkumbusha mtafiti kutuma takwimu, kutafuta tarehe inayowafaa wote, kisha baada ya kikao kuandika muhtasari na kuwafuatilia walioahidi. Tarehe yenyewe si jambo dogo. Kikao kikipangwa asubuhi za bamvua, wanawake wanaochokoa pweza hawatafika, kwa sababu hizo ndizo siku ambazo maji hukauka sana na miamba huwa wazi. Siku za maji mafu huwa na nafasi zaidi. Mratibu asiyejua hilo ataandika kwenye ripoti kwamba wanawake hawana mwamko. Andiko linalodai kwamba kazi hii yote itafanywa na kamati ya kujitolea hutia shaka, kwa kuwa msomaji mwenye uzoefu anajua kwamba itamwangukia mtu mmoja, mara nyingi mwanamke, ambaye hatalipwa.

Posho za vikao zinalipwa?

Hili huulizwa kwa sauti ya chini, lakini huvunja ushirikiano kuliko swali lingine lolote, na kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Wafadhili wengi hawalipi posho ya kikao, yaani fedha ya kumlipa mtu kwa sababu amehudhuria. Wanalipa nauli halisi, chakula, malazi inapobidi, na baadhi yao hulipa fidia ya siku ya kazi kwa mtu ambaye asipokwenda baharini au shambani siku hiyo nyumbani kwake hakuliwi. Tofauti hii ni ya haki. Mtumishi mwenye mshahara yuko kazini anapohudhuria kikao. Mvuvi amepoteza siku. Kuwalipa wote sawa kunaonekana usawa, lakini kiuhalisia ni kumlipa mmoja mara mbili.

Ugumu unakuja pale mashirika mawili katika wilaya moja yanapokuwa na viwango tofauti, moja likilipa posho nono na lingine nauli tu. Watu watakwenda penye posho, na kalenda ya ushirikiano itapangwa na bahasha. Kaeni pande zote kabla ya kuandika bajeti, kubalianeni kiwango kimoja cha nauli kwa kila njia, pamoja na boti kwa wanaotoka visiwani, kiandikeni na kibandikeni mahali pa wazi. Mkimweleza mfadhili kiwango hicho na sababu zake tangu mwanzo, mazungumzo huwa mepesi. Mkikificha ndani ya mstari wa bajeti uitwao “gharama za mafunzo”, mkaguzi atakiona, na mtakuwa mmeharibu jina la wote.

Gharama za uendeshaji zinakubaliwa kwa kiasi gani?

Inategemea mfadhili. Kwa miaka mingi kiwango cha asilimia 10 kilikuwa cha kawaida. Ford Foundation, ambayo ina ofisi Nairobi, mwaka 2015 ilitangaza kupandisha kiwango chake kutoka asilimia 10 hadi 20, na wengine wamesogea upande huo. Bado wapo wasiotaka kusikia habari ya kodi ya ofisi, umeme na mhasibu. Andikeni gharama zenu halisi. Bajeti iliyopunguzwa ili ipendeze huishia na mhasibu wa nusu siku na hesabu zisizofungika.

Mchango wa jamii unahesabiwaje?

Nguvukazi, ardhi, jengo la mikutano na mitumbwi vinaweza kuhesabiwa kwa thamani ya soko la mahali penu, na orodha ya mahudhurio yenye saini ikiwa ushahidi. Angalizo kwa upande wa Tanzania: ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ni mikopo inayopaswa kurejeshwa, kwa hiyo msiiandike kama mchango wa halmashauri kwenye ruzuku.

Tunanunua kwa watu wasio na risiti. Tufanyeje?

Mama mwenye kitalu cha mivinje uani kwake hana mashine ya kutolea risiti, na kununua mjini ili mpate karatasi ni kuinyima jamii fedha zilizokusudiwa kwayo. Andaeni hati ya malipo yenye jina lake, namba ya simu, idadi ya miche, bei ya kila mche, jumla, tarehe, sahihi au dole gumba, na mashahidi wawili ambao si ndugu wa mnunuzi. Mlipeni kwa simu, si kwa noti, ili ujumbe wa muamala ubaki. Muombeni mfadhili akubali utaratibu huu kwa maandishi kabla ya matumizi, na mfahamu kuwa kwa manunuzi makubwa hautakubalika.

Mabadiliko yatapimwaje wakati kila mshirika anapima lake?

Chagueni vipimo vichache ambavyo wote wanavielewa na wenyeji wanaweza kuvipima wenyewe. Katika vijiji vinavyofunga mwamba wa pweza, yaani kuzuia watu kuchokoa hapo kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kama ilivyofanyika Kisiwa Panza huko Pemba, kipimo kiko mbele ya macho ya kila mtu siku ya kufungua: pweza wanapimwa ufukweni, uzito unaandikwa, na mchokoaji, mnunuzi na afisa uvuvi wanaona mizani ile ile. Takwimu zikishakubaliwa pale, hakuna atakayezibishia ofisini. Kipimo cha namna hiyo kina thamani kuliko dodoso la kurasa ishirini.

Pimeni pia ushirikiano wenyewe: nani alihudhuria, maamuzi mangapi yalitekelezwa, nani alizungumza. Mkikusanya taarifa binafsi za watu, kumbukeni kwamba Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina yake ya mwaka 2022. Kupeana orodha ya wagonjwa au ya kaya maskini kati ya washirika kunahitaji msingi wa kisheria na makubaliano ya maandishi.

Mshirika akijitoa katikati, tunarudisha fedha?

Si lazima. Mjulisheni mfadhili mara moja, elezeni kazi ipi imeguswa na nani ataichukua. Wafadhili wa ushirikiano wanajua kwamba watu huondoka, na habari inayowakera ni ile iliyofichwa hadi ripoti ya mwisho. Ikiwa aliyeondoka ndiye aliyeshika mamlaka ya kisheria juu ya eneo lenu la kazi, ombeni muda wa kusimamisha kazi kwanza.

Maombi yetu yalikataliwa. Tuombe tena?

Ombeni kwanza maoni, kwa barua fupi na ya heshima, kisha yasomeni pamoja na washirika wote, si mwandishi wa andiko peke yake. Mara nyingi sababu ni kuomba hatua isiyo yenu, na marekebisho yake ni kupunguza ombi, si kuongeza maneno. Tangu Marekani ilipositisha misaada yake mwanzoni mwa mwaka 2025, waombaji wanaozifuata taasisi za ufadhili wameongezeka, na fedha za taasisi hizo hazitoshi kuziba pengo lile. Kukataliwa kwa sasa kusichukuliwe kuwa ni hukumu juu ya kazi yenu.

Ruzuku ikiisha, je?

Swali hili liulizwe wakati wa kupanga. Kuna njia tatu za kweli: serikali kuichukua kazi katika bajeti yake, kazi kujipatia mapato, au kazi kumalizika kwa sababu lengo limetimia. Mikoko Pamoja ilichukua njia ya pili. Mpango uliwekwa kwa miaka 20, na sehemu ya mapato ya kaboni imekwenda kwenye maji safi na shule za vijiji vile kwa maamuzi ya wanakijiji wenyewe. Pia walipanda mivinje ili watu wapate kuni na miti ya kujengea bila kurudi kwenye mikoko. Bila hatua hiyo, uhifadhi ungekuwa kumnyima mtu kuni na kumwachia njaa. Hata hivyo mapato ya namna hii hupanda na kushuka na soko, wala hayamfai kila mtu. Usafi wa soko au lishe ya watoto hauuziki nje, na huko mlango sahihi ni bajeti ya serikali, kudaiwa kwa vikao na kwa maandishi.

Vyovyote itakavyokuwa, miezi sita kabla ya ruzuku kuisha orodhesheni mali zote zilizonunuliwa, boti, mizani, kompyuta na mizinga, mkubaliane kila kimoja kitabaki kwa nani na nani atagharamia matengenezo yake, kisha mpelekeeni mfadhili orodha hiyo aidhinishe kabla akaunti haijafungwa.